Bandari Nyuma ya Rasi

Watoto wote wa hori hili, mkono huu wa bahari kati ya milima, wanaijua njia ya kwenda Bandari ya Kolgrim. Wanaiimba wakikamua mbuzi. Toka mdomo wa hori, barafu iweke mkono wa kulia siku mbili, mpaka mlima wa nyumbani ukatwe kiunoni na bahari. Hapo geuka, fuata machweo siku tano. Ukiona rasi yenye nundu mbili, kama mgongo wa ng'ombe aliyeshinda na njaa miezi yote ya theluji, izunguke kwa kusini. Nyuma yake maji yametulia hadi unahesabu kokoto chini. Kuna kijito. Kuna jiwe bapa la kufulia. Kuna mti wa gome jeupe umeinamia maji.

Kolgrim ni mimi. Njia hiyo naijua mpaka kwenye zile nundu mbili. Cha nyuma yake sikijui, sijawahi kukiona, na nilikaa na hilo peke yangu miaka sita. Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ni ya siku saba baharini, na wanaume ishirini walioifuata hawajarudi.

Mwaka nilioiona ile rasi tulikuwa tumetoka kaskazini kuwinda walrasi, wale wanyama wa bahari wenye pembe mdomoni, watu kumi na wanne na chombo kimejaa meno yao. Upepo ukatuchukua, ukungu ukatufunika siku nane. Ulipoinuka, mbele yetu kulikuwa na nchi. Misitu mpaka ukingoni mwa maji, na rasi ile imechomoza. Wenzangu wakashika makasia bila kuambiwa. Mimi ndiye niliyekuwa nahodha, nikawaambia waache. Nikasema maji ya kunywa yanakwisha na majira yanageuka.

Tulikuwa na mapipa matatu ya maji. Niliogopa, hiyo ndiyo habari yenyewe. Nilitazama pwani ile kutoka mwisho hadi mwisho na sikuona hata uzi mmoja wa moshi. Nchi yenye moshi ina watu, na watu unaweza kupigana nao au kunywa nao. Ile haikuwa na mtu wa kukuuliza wewe ni mtoto wa nani. Tulipogeuza usukani tawi lilikuwa linaelea ubavuni, limevunjika karibuni, na majani mabichi. Nililiopoa. Huo ndio ushahidi pekee niliorudi nao.

Hapa kwetu Grinilandi aliyetoka safari hali chakula bure. Anakilipa kwa habari. Basi mwanzo wa majira ya baridi niliitwa ukumbini kwa Bwana Hallstein, mkubwa wa hori letu, nikakalishwa karibu na moto, nikapewa nyama ya sili na siagi, na watu wote wakageuza viti.

"Ehe, Kolgrim," Hallstein akasema. "Tumesikia umeona nchi. Ikoje?"

"Ina misitu."

"Na nini tena?"

"Na rasi. Rasi ina nundu mbili."

Akawageukia watu. "Misitu na rasi. Jamani, mpunguzieni nyama huyu, asije akachoka kwa kusimulia."

"Mlishuka?" akauliza mzee mmoja pale mlangoni.

"Hatukushuka."

"Basi wewe ni kama yule aliyetumwa kuchumbia," mzee akasema, "akarudi kwao kusifia mlango."

Ukumbi mzima ulicheka. Solvi peke yake hakucheka. Alisema, "Mwacheni ndugu yangu ale kwanza." Solvi hakuwa ndugu yangu wa tumbo. Tulilelewa pamoja Aisilandi, kwenye shamba la Hvamm, kwa mama aliyeitwa Ulfrun ambaye hakumzaa yeyote kati yetu. Tulipokua walitukatia ukanda wa udongo wenye nyasi, wakauinua kwa mkuki, tukapita chini yake na kuchanganya damu zetu kwenye udongo. Baada ya hapo wa tumbo moja ni nani? Kisha mlima ulitapika moto, Hvamm ikazikwa kwa majivu hadi paa, mama Ulfrun ndani yake, na sisi tukaja huku.

Pembeni ya Solvi alikaa mkewe, Arnora. Naye alicheka. Wengine wangecheka mpaka kesho ningemeza nyama yangu nikalala. Kicheko cha Arnora ndicho kilichonifungua mdomo. Nilikuwa nampenda, na nimeona afadhali niseme mapema kuliko mtu aje kuniambia mimi mwenyewe.

"Sikusema hatukuona," nikasema. "Nimesema hatukushuka na chombo. Mimi nilizunguka rasi peke yangu kwa mtumbwi mdogo."

Wale kumi na watatu niliosafiri nao walikuwa wametawanyika makwao, kila mtu na hori lake. Hakuna aliyekuwepo wa kunipinga. Ukumbi ukanyamaza, na unajua ukimya wa watu wenye njaa ya habari ulivyo mtamu. Nikawapa bandari. Nikawapa maji matulivu, na kijito chenye samoni wanene kama mkono wangu. Wakataka zaidi. Nikawapa jiwe bapa, na mti wa gome jeupe ulioinama, na majani yasiyonyauka mpaka mwezi wa kuchinja mifugo, baridi ikiingia. Nikalichomoa lile tawi nikampa Arnora kwa mkono wangu, naye akalinusa akafumba macho.

Sikuvumbua kitu. Mtu akitakiwa aeleze mahali asipopafahamu, kichwa chake kinakwenda anapopafahamu. Niliwapa Hvamm. Nilizungumza na kila neno nililiona: pale tulipoogea, pale mama Ulfrun alipopigia nguo, mti tuliokuwa tukiukwea mimi na Solvi. Nilipomtazama Solvi macho yake yalikuwa na maji. Nikajiambia ni moshi wa meko.

Nilidhani maneno yangeisha pamoja na pombe. Wapi. Ulimi hauna mfupa, lakini unachokisema kinaota miguu. Baada ya wiki njia ilikuwa na wimbo. Kabla theluji haijayeyuka ilikuwa na jina langu. Nchi hii yenyewe iliitwa Grinilandi, yaani nchi ya kijani, na mtu aliyekuwa anatafuta majirani, na sisi tulioijia tukakuta mawe hatukumdai maelezo. Tukazoea. Labda ndiyo sababu watu wetu hawajui kukataa bandari waliyoambiwa.

Kiangazi kilichofuata Solvi alikuwa ameunda chombo na kupata watu kumi na tisa. Aliniomba niwe mwonyesha njia. Nikasema nina mguu mbovu. Sikuwahi kuwa na mguu kabla ya siku ile, na tangu hapo nachechemea kidogo, kwa heshima.

Pwani alinikumbatia mpaka mbavu zikalia. "Nitakuchagulia kiwanja karibu na kijito," akasema. "Mwakani nakuja kukuchukua, wewe na huo mguu wako wa uongo."

Hapo ndipo pa kusema. Tulikuwa wawili, upepo unavuma, hakuna aliyetusikia. Ningesema neno moja tu. Nikasema, "Angalia miamba." Akapanda.

Mwaka wa kwanza hakurudi, watu wakasema anajenga. Mwaka wa pili wakasema anangoja mavuno. Mwaka wa tatu padri alimwendea Arnora kumshauri afanye kama wafanyavyo wenye watu waliopotea baharini. Kwetu mtu asiyepatikana hupewa jeneza kama wengine, na ndani yake huwekwa kijiti kilichochongwa jina lake na mahali alipolala, kikazikwa kanisani kwa sala zote. Arnora alimwambia padri, "Wa kwangu hajalala. Yuko nyuma ya rasi." Wanaume wawili walikuja kumchumbia, wote wenye ng'ombe, akawapa maziwa ya mgando wakanywa wakaenda zao.

Na kila mwezi wa kuchinja alikuja kwangu. Naishi mwisho wa hori, nyumba moja, mbele yangu hakuna mtu ila barafu. Alikuja kwa miguu nusu siku, na bakuli la siagi chini ya shuka, akakaa upande wa pili wa moto.

"Shemeji, hebu niambie tena."

Nami namwambia. Kadiri miaka ilivyokwenda alikuwa anapajua kuliko mimi.

"Lile jiwe bapa, liko kushoto kwa kijito au kulia?"

"Kushoto."

"Basi nyumba ameijenga kulia. Solvi hapendi kelele za wanawake wakifua, anajifanya kichwa kinamuuma."

"Hata huko hakuna wanawake, Arnora."

"Ndiyo maana nyumba itakuwa chafu." Akacheka peke yake. "Na mlango ataufanya mfupi, ajigonge kila asubuhi, anilaumu mimi niliye huku."

Nilikuwa nasubiri siku hiyo mwaka mzima. Nilifagia. Nilichana ndevu. Nilijua ninachofanya ni kumla mjane kwa maneno huku akidhani ana mume, na nilipoona kivuli chake kwenye njia moyo wangu uliruka hivyo hivyo. Akishaondoka ndipo nyumba inakuwa kubwa. Nilikaa upande wangu wa moto nikitazama alipokuwa amekaa, na ile bandari ilikuwa mbele yangu wazi, na mimi peke yangu duniani ndiye niliyejua kwamba Solvi hayumo ndani yake.

Mwaka wa sita alikuja theluji ikianza kuyeyuka. Si wakati wake. Nilikuwa zizini namtoa ng'ombe. Wanaofuga huku wanajua: mnyama akikaa gizani miezi minane kwa majani ya kupimwa, nyasi zikitokeza hawezi kusimama. Unamlaza juu ya ngozi, watu wanashika kona, mnambeba mpaka nje kama mgonjwa. Ni kazi ya watu wawili kwa uchache. Mimi nilikuwa naivuta ngozi kwa kamba, na ng'ombe ananitazama kwa huruma.

"Utamvunja," Arnora akasema nyuma yangu. Akaweka mzigo wake chini, akashika kona mbili za upande wa kichwa. "Haya. Inua."

Tukainua. Tukafika mlangoni tukapumzika, ng'ombe katikati yetu.

"Nimekuja kukuaga, shemeji," akasema. "Yule nahodha wa Aisilandi aliyekaa baridi hii kwa Hallstein amekubali. Shamba nimemwachia Hallstein. Tunakwenda watu kumi na wawili, na kondoo. Njia naijua kwa moyo."

"Mnakwenda wapi?" nikauliza, utadhani sikujua.

"Wapi tena? Kwa mume wangu." Akafuta jasho. "Au utakuja? Mguu utakaa chomboni, hatutaupigisha kasia."

Nilitazama ng'ombe. Mgongo wake ulikuwa umechomoza nundu mbili. Nilifikiri kumi na wawili, na kumi na tisa na Solvi. Nilifikiri pia kwamba nikisema hatakuja tena, na aibu yangu ni kwamba hilo nililifikiri kwa muda mrefu kuliko lile la kwanza.

"Arnora, nyuma ya rasi sijafika."

"Si ulizunguka kwa mtumbwi."

"Nilisema nilizunguka."

Hakuelewa. Kisha niliona anaanza kuelewa, kidogo kidogo.

"Kijito?" akauliza.

"Ni cha Hvamm. Tulikolelewa."

"Jiwe la kufulia."

"Mama Ulfrun alikuwa anafulia hapo."

"Na mti?"

"Tulikuwa tunaukwea mimi na Solvi. Umezikwa na majivu pamoja na vyote."

"Samoni," akasema. Nikatikisa kichwa. Akakaa chini pale pale kwenye matope ya zizi, mkono wake juu ya shingo ya ng'ombe. Nilitamani anitukane.

"Siku ile tulipotoka ukumbini," akasema, "Solvi alilia njia nzima. Mwanamume yule na mabega yake. Nikamuuliza una nini. Akaniambia, 'Kolgrim amepaona tena kwetu.' Nikamwambia, mume wangu, mahali panafanana tu. Akasema, 'Hata jiwe, Arnora? Hata mti? Mungu ametuonea huruma, amepahamishia magharibi.'"

Hilo sikuwa nalijua. Miaka sita nilijifariji kwamba alikwenda kwa tamaa ya ardhi kama wanaume wengine, kwamba hata bila maneno yangu angekwenda mahali fulani akafe. Kumbe alikuwa anarudi nyumbani. Nilishika mhimili wa mlango kwa sababu ule mguu wa uongo uligoma kweli.

"Kwa nini unaniambia leo?" akauliza.

"Kwa sababu unakwenda."

"Na kama nisingekwenda?"

"Ningenyamaza."

"Kwa nini?"

"Ungeacha kuja."

Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu nianze. Nadhani ndipo alipoona na lile lingine, nyumba iliyofagiwa na ndevu zilizochanwa. Akasimama, akajipangusa matope.

"Shika kona zako, Kolgrim," akasema.

Alikuwa hajawahi kuniita jina langu. Tangu siku alipoolewa nilikuwa shemeji. Tulimbeba ng'ombe mpaka kwenye nyasi, tukamshusha taratibu, akachukua mzigo wake akaenda.

Siku tatu baadaye alirudi, na mkononi alikuwa na lile tawi. Majani yalikwisha kudondoka zamani, gome lilikuwa limekauka, lakini alikuwa amelitunza vizuri, limenyooka.

"Padri amekubali kufanya mazishi," akasema. Hakuingia ndani. "Wewe ndiye unayejua kuchonga herufi. Chonga."

"Arnora, kijiti kinatakiwa kusema amelala wapi. Nitaandika wapi?"

"Nitakutajia maneno. Wewe chonga."

Nilikaa kwenye kizingiti na kisu, naye amesimama mbele yangu, jua la asubuhi mgongoni mwake. Nilikwangua gome upande mmoja mpaka mti ukatokea mweupe. Akataja, nami nikachonga herufi moja moja: Solvi alikwenda alikoambiwa na Kolgrim.

Nikampa. Hakupokea.

"Malizia inavyomaliziwa," akasema.

Mchongaji haachi kazi bila jina lake. Tangu babu zetu, jiwe au mfupa au ubao, mwisho wake husemwa ni mkono wa nani. Nikageuza tawi, nikachonga: Kolgrim alichonga. Jina la Solvi mara moja, langu mara mbili. Akalipokea, akalifunga kwenye shuka.

Jeneza lilikuwa la mbao za kuokota pwani, refu kama Solvi alivyokuwa. Wabebaji wanne walitembea wamekunja migongo kana kwamba mna mtu ndani, na mimi niliwashukuru kwa hilo kimoyomoyo, maana sikuruhusiwa kushika. Kaburini padri alisoma kijiti kwa sauti, kama ilivyo desturi, mpaka lile jina la mwisho. Arnora alikwisha kuwaambia wote kwamba nyuma ya rasi sijafika, nami nilingoja watu wanigeukie. Wachache waligeuka. Hallstein alitikisa kichwa akamwambia wa pembeni yake, nikasikia, "Ameanza kuona wivu. Anataka bandari iwe yake peke yake." Walikuwa wameishi na mahali pale miaka mingi mno kuweza kuniamini.

Yule nahodha alirudi kwao Aisilandi. Arnora alichukua kondoo wake akahamia kwa dada yake, hori la pili kusini. Yu salama, ana afya, nasikia amenenepa. Aliolewa au hakuolewa sikuuliza.

Watoto bado wanaimba. Niliwasimamisha wawili kwenye njia nikawaambia waache, kwamba nyuma ya rasi hakuna kitu. Mdogo akafikiri, akaniuliza kama basi lile jiwe lilikuwa upande wa kulia.

Mwezi wa kuchinja ulipofika nilifagia. Mkono una mazoea yake. Siku ilipita, nikala siagi yangu mwenyewe, ambayo si nzuri kama ya Arnora. Majira ya baridi yakaja yakaisha. Theluji ilipoyeyuka nilimlaza ng'ombe juu ya ngozi, nikashika kona mbili, nikasema, "Haya, inua," na nilisimama pale muda mzima nimeinama kabla sijakumbuka kwamba upande wa kichwa hakuna mtu.